Filamu za riwaya za kale: ni muda unaoharibu kitabu, au tunadanganyana?

#1 KurasaMiaNne

Wakuu, salaam.

Kila riwaya ya kale ikipelekwa kwenye skrini, kilio ni kile kile: "wameharibu kitabu." Mimi nadai hakuna aliyeharibu kitu. Ni hesabu tu.

Muswada wa filamu hukadiriwa ukurasa mmoja kwa dakika moja. Filamu ya saa mbili ni kurasa 120, tena kurasa zenye nafasi nyeupe kuliko wino. Jumla yake ni maneno kama 20,000 hadi 25,000, ukihesabu na maelezo ya mandhari na majina yanayorudiwa juu ya kila kauli. Pride and Prejudice ya Jane Austen (1813) ina maneno kama 122,000. Ukiisoma kwa sauti kwa mwendo wa maneno 150 kwa dakika, unamaliza baada ya saa 13 na nusu. Filamu yake ya 2005 ina dakika zisizozidi 130. Hizo saa 11 na ushee ulitaka zikae wapi?

Wuthering Heights ya Emily Brontë (1847) ina sura 34. Filamu ya 1939 inakomea katikati ya kitabu. Cathy mdogo, Linton, Hareton, kizazi kizima cha pili kimefutwa. Si dharau, ni dakika 104 walizokuwa nazo.

Mwenye sababu nyingine aje nayo.

#2 PopoWaGhorofani

Naunga mkono hoja, lakini nusu tu. Nusu nyingine nawasubiri wajuvi. Nimekaa pale.

#3 BintiMuswada

Mkuu #1, muda unaeleza kilichopunguzwa. Hauelezi kilichoongezwa, na hapo ndipo hoja yako inapovuja.

Chukua hiyo hiyo Wuthering Heights ya 1939. Mwishoni tunaonyeshwa mizuka ya Heathcliff na Cathy ikitembea pamoja juu ya theluji. Mwongozaji William Wyler hakuitaka, mtayarishaji Samuel Goldwyn akaing'ang'ania, ikapigwa kwa kutumia waigizaji wa kuziba pengo. Mtu mwenye njaa ya dakika anapataje za kugawia mizuka?

Au njoo kwenye kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua vizuri, Mashimo ya Mfalme Sulemani, kile alichokitafsiri Frederick Johnson. H. Rider Haggard alikitoa 1885. Mwanzoni tu msimulizi, Quatermain, anatamba kwamba katika kisa chake chote hamna sketi, ukiwatoa Foulata na kile kikongwe Gagool. Safari nzima ni ya Sir Henry Curtis kumtafuta ndugu yake. Sasa tazama filamu. Ya 1937 imemwingiza binti wa Kiayalandi anayemtafuta baba yake. Ya 1950 imemfanya Curtis kuwa mwanamke, Elizabeth Curtis, anayemtafuta mumewe. Ya 1985, tena binti anamtafuta baba. Filamu tatu, wanawake watatu ambao kitabu kiliapa hawamo. Hapo dakika hazikupunguzwa, zimetumika kujenga mtu mpya kutoka sifuri.

#4 Mchokozi_wa_Sura

Dada #3 nakubali karibu yote, ila kwenye mizuka umeteleza kidogo. Haikutungwa Hollywood. Fungua sura ya 34: mtoto mchungaji analia njiani, kondoo wamegoma kusonga, anasema amemwona Heathcliff na mwanamke. Nelly anapuuza, Lockwood naye anamaliza kwa kutazama makaburi na kushangaa mtu awezaje kudhani waliolala pale hawana utulivu.

Tofauti ni kwamba kitabu kinakupa uvumi na kukuacha nao. Filamu imekata shauri kwa niaba yako. Mimi nadhani ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya hivi vitu viwili: kamera haijui kusema "inasemekana." Ikishakuonyesha, limekuwa.

#5 BintiMuswada

Nimekusoma #4. Hapo nimepigwa kihalali.

#6 JukwaaLaZamani

Mnatafuta chanzo kwenye kamera wakati mambo mengi yalishabadilika kabla kamera haijabuniwa. Filamu nyingi za riwaya za karne ya 19 hazikutoka kwenye kitabu moja kwa moja, zilipitia jukwaa la maigizo. Na jukwaa lina shida zake: seti chache, watu wachache, na lazima kila kitu kisemwe kwa sauti ifike viti vya nyuma.

Frankenstein ya Mary Shelley ilitoka 1818. Mwaka 1823 tu Richard Brinsley Peake alishaipandisha jukwaani London, akafanya mambo mawili tunayohangaika nayo hadi leo. Kwanza alimfanya kiumbe awe bubu. Kitabuni yule kiumbe anaongea kuliko wakili. Amejifunza kusoma, amepitia Paradise Lost ya Milton na maisha ya mashujaa wa Plutarch, anajenga hoja hadi muumba wake anaishiwa maneno. Pili, Peake alimpa mwanasayansi msaidizi anayeitwa Fritz. Kitabuni Victor hana msaidizi, anajifungia peke yake juu ghorofani, na siri hiyo ndiyo inayomla.

Kwa nini msaidizi? Kwa sababu jukwaani mtu aliye peke yake hawezi kueleza anachofanya bila kuonekana anajisemea kama mgonjwa. Unampa mtu wa kuuliza "bwana, hiki ni nini?" naye anajibu, watazamaji wanasikia. Filamu ya James Whale ya 1931 ilipotengenezwa kutokana na mchezo mwingine, wa Peggy Webling, Fritz akarudi akiwa na kibiongo, na majina yakapinduka: mwanasayansi akawa Henry, rafiki yake ndiye akapewa Victor.

#7 PopoWaGhorofani

Kwa hiyo Igor ni Fritz aliyebadili jina? 😂

#8 JukwaaLaZamani

Wala. Igor hayumo kitabuni, hayumo kwenye filamu ya 1931, na hata alipoingia hakuwa msaidizi. Ygor anatokea kwenye Son of Frankenstein ya 1939, kaigiza Bela Lugosi. Ni mhunzi aliyenyongwa akapona, shingo imevunjika, anamtumia kiumbe kulipiza kisasi kwa waliomhukumu. Watu baadaye wakachanganya kibiongo cha Fritz na jina la Ygor wakapata mtu mmoja ambaye hakuna kitabu kinachomjua.

#9 Mchokozi_wa_Sura

Nyongeza kwa #6, ili asije mtu akaondoka na ububu mzima mzima: mwaka 1935, kwenye Bride of Frankenstein, kiumbe anaongea. Maneno machache, lakini anaongea, na anafundishwa na kipofu anayeishi msituni. Huyo kipofu ni mzee De Lacey wa kitabuni, amehamishiwa filamu ya pili. Ndiyo maana kulinganisha kitabu kimoja na filamu moja wakati mwingine ni kosa. Sehemu iliyokatwa huenda imejificha kwenye mwendelezo.

#10 MwekaMhuri

Muda, jukwaa, sawa. Lakini hamjataja mkasi mkubwa kuliko yote kwa filamu za Marekani kati ya 1934 na 1968: Kanuni ya Hays, yaani masharti ya maadili ambayo studio zilijiwekea.

Iliandikwa 1930 ikapuuzwa. Kuanzia Julai 1934, chini ya Joseph Breen, filamu ilihitaji cheti kabla ya kuonyeshwa kwenye kumbi za studio kubwa. Moja ya masharti: uhalifu usionekane umelipa. Muuaji asitoke salama.

Sasa weka sharti hilo juu ya Rebecca ya Daphne du Maurier (1938). Kitabuni Maxim amempiga mkewe wa kwanza risasi. Anakiri kwa mke wa pili, na yule mke anafarijika kwamba kumbe mumewe hakumpenda Rebecca! Msomaji anajikuta amekaa upande wa muuaji hadi ukurasa wa mwisho. Hitchcock alipoitengeneza 1940, mtayarishaji David O. Selznick alikuwa mtu wa kung'ang'ania kitabu kifuatwe, na bado haikuwezekana. Filamu inasema Rebecca alijikwaa, akaanguka, akagonga kichwa. Maxim kaficha mwili tu.

Ona badiliko dogo linavyokula mzizi: ukimfanya Maxim asiye na hatia, ile hofu ya mke wa pili haina uzito tena. Kitabuni anakuwa mshiriki wa siri. Kwenye filamu anakuwa mke mwema wa mtu mwenye mkosi. Hakuna dakika hata moja iliyookolewa hapo.

The Grapes of Wrath ya Steinbeck nayo ndiyo hiyo hiyo. Kitabu 1939, filamu ya John Ford 1940. Kitabu kinafungwa na Rose of Sharon, mtoto wake kafa tumboni, akimnyonyesha mwanamume mgeni anayekufa kwa njaa. Kwa kanuni ile hilo halipiti mlangoni. Wakafanya ujanja mwingine: wakageuza mpangilio wa kambi. Kitabuni familia inapitia kambi nzuri ya serikali kisha mambo yanazidi kuoza. Filamu imeisogeza kambi nzuri iwe karibu na mwisho, halafu Mama Joad anatoa hotuba ya matumaini. Matukio karibu yote ni ya kitabu, mpangilio umegeuzwa, na maana imekwenda kinyume.

#11 KurasaMiaNne

Hiyo ya kugeuza mpangilio nakubali sikuifikiria. Ila nauliza: Wafaransa, Waingereza na Warusi hawakuwa na Hays, mbona nao walibadili?

#12 MwekaMhuri

Kila mahali pana mhuri wake, mkuu. Na hata Marekani woga ulitangulia kanuni. Notre-Dame de Paris ya Victor Hugo (1831): mbaya wa kitabu ni Claude Frollo, padri mwenye cheo. Filamu ya 1923 ikamtakasa padri, ubaya wote ukahamishiwa kwa mdogo wake Jehan. Ya 1939 ikamfanya mbaya kuwa hakimu. Ya katuni ya 1996 pia hakimu, tena wakati huo kanuni ilishazikwa miaka 28. Kwa hiyo tusimbebeshe Breen mizigo yote.

#13 Mchokozi_wa_Sura

Na kwenye katuni Esmeralda anaishi. Kitabuni ananyongwa, na mifupa ya Quasimodo inakutwa imekumbatia yake. Tena kitabuni Quasimodo ni kiziwi, kengele zimemla masikio. Kiziwi anayeimba nyimbo, hapo hata mimi natoa kofia.

#14 Nusufainali

Nimesoma yote. Naomba kuuliza la Dracula: kuungua juani kuko sura ya ngapi?

#15 JukwaaLaZamani

Hakuna sura. Kwa Bram Stoker (1897) Dracula anatembea mchana, Jonathan na Mina wanamwona Piccadilly kweupe. Jua linampunguzia nguvu tu, haliwezi kumuua. Anauawa kwa visu viwili, kimoja cha Jonathan kooni na kingine cha Quincey Morris moyoni, jua likizama.

Kufa kwa mwanga wa jua kumetoka Nosferatu ya F. W. Murnau, 1922. Filamu hiyo haikuwa na ruhusa. Walibadili majina, Dracula akawa Orlok, wakadhani wamesalimika. Mjane wa Stoker aliwashtaki, na mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Nakala zikaponea huku na kule, na wazo la jua likaponea nazo, likaingia kwenye filamu zilizofuata kana kwamba Stoker mwenyewe ndiye aliyeliandika.

Kola ndefu ya lile joho nayo ni ya jukwaani. Mwigizaji akiwapa watazamaji mgongo, kola inaficha kichwa, anateleza chini kupitia mlango wa sakafuni, wenzake wanabaki wameshika joho tupu. Kwenye filamu ya 1931 huo mlango hauna kazi tena, kola ikabaki.

#16 HakiZimehifadhiwa

#15 umefungua mlango wangu. Hakuna aliyetaja sheria, na mimi nasema inaeleza mengi kuliko sanaa.

Riwaya ikishatoka kwenye hakimiliki, kila mtu anaweza kuitumia. Lakini kilichobuniwa na filamu kina mwenyewe. Sura ya kiumbe cha Frankenstein tunayoijua sote, paji bapa na vyuma shingoni, ni kazi ya Jack Pierce kwa studio ya Universal. Hammer ya Uingereza ilipotengeneza The Curse of Frankenstein mwaka 1957 ililazimika kubuni sura nyingine kabisa ili isishtakiwe. Mtazamaji akasema "hafanani na kitabu." Hata yule wa kwanza hakufanana! Kitabuni ana urefu wa futi 8, nywele nyeusi ndefu, meno meupe, ngozi ya manjano isiyotosha kuficha misuli.

Viatu vya Dorothy, yule binti wa The Wonderful Wizard of Oz, vivyo hivyo. Kitabuni (1900) ni vya fedha. Filamu ya 1939 ilivifanya vyekundu kwa sababu ilikuwa na Technicolor na ilitaka rangi zionekane. Disney ilipotengeneza Return to Oz mwaka 1985 ikataka vyekundu, ikabidi ilipe. Vya fedha vilikuwa bure.

#17 BintiMuswada

Hilo la Oz lina kubwa zaidi ya viatu. Kitabuni Oz ipo. Dorothy amekwenda kweli na amerudi kweli. Filamu imegeuza safari nzima kuwa ndoto ya mtoto aliyegongwa kichwani. #4 alisema kamera haijui "inasemekana". Hapa imetumia kitanda na bandeji kufuta kila ilichotuonyesha. Kwa hiyo inajua ikitaka.

#18 Mchokozi_wa_Sura

Aisee. Umenirudishia.

#19 ChapaYaKwanza

Kabla hamjaendelea kusema "kitabuni," naomba kila mtu ataje ni chapa ipi. Nusu ya ugomvi wa namna hii ni watu wawili wenye vitabu viwili tofauti.

Frankenstein ya 1818 ina juzuu tatu, na Elizabeth ni binti wa shangazi yake Victor. Chapa ya 1831, ambayo Shelley aliisahihisha, ina sura 24 na Elizabeth ni yatima aliyeokotwa. Filamu ikimfanya yatima haijabadili kitu.

Great Expectations ya Dickens ndiyo inayowachanganya wengi. Aliandika mwisho ambao Pip na Estella wanakutana barabarani kwa muda mfupi na kuachana. Rafiki yake Bulwer-Lytton akamshauri aubadili, akaandika wa pili, wanakutana kwenye magofu ya Satis House na kutoka wameshikana mikono. Huo ndio uliochapwa 1861. Wa kwanza ulijulikana 1874, kwenye wasifu ulioandikwa na John Forster. David Lean mwaka 1946 hakuchukua wowote: Estella wake amekaa kwenye chumba chenye giza, anakaribia kuwa Miss Havisham wa pili, Pip anang'oa mapazia mwanga uingie. Unayemlaumu Lean, unamlaumu kwa kuacha mwisho upi?

A Clockwork Orange pia. Anthony Burgess aliandika sura 21. Chapa ya Marekani iliitoa ya mwisho, ile ambayo Alex anaanza kukua na kuuchoka ukatili. Kubrick alifuata chapa hiyo fupi. Kilichoonekana ni kijana asiyerekebika, na mkasi ulikuwa wa mchapishaji.

#20 ChapaYaKwanza

Nimesahau Haggard wa #3. Chapa ya kwanza ya 1885 ina kupatwa kwa jua: mashujaa wanatishia kulizima, linazimika. Tatizo ni kwamba usiku wa kabla yake kuna mwezi mpevu. Jua hupatwa mwezi ukiwa mwandamo tu, yaani ukiwa upande wa jua. Mwezi mpevu uko upande wa pili wa dunia. Haiwezekani vitu hivyo vitokee siku mbili zinazofuatana. Halafu giza la kitabuni linadumu mno, wakati jua kufunikwa kabisa hakufiki hata dakika 8. Chapa za baadaye zikabadili kuwa kupatwa kwa mwezi, ambako hutokea mwezi mpevu na giza linaweza kupita saa nzima. Filamu ya 1937 imetumia jua. Je, imekosea, au imekuwa mwaminifu kwa chapa ya kwanza, kosa likiwemo?

#21 PopoWaGhorofani

Uzi ulikuwa wa filamu, sasa tuko mwezini. Endeleeni, nimeagiza chai.

#22 NafsiYaKwanza

Nyote mnazunguka kitu kimoja mnakikwepa: kichwa cha msimulizi. Riwaya inaishi humo, kamera inabaki mlangoni.

Austen anaanza kwa sentensi ya kejeli kuhusu kila mwanamume tajiri kuhitaji mke. Sauti hiyo si ya mhusika yeyote, ni ya kitabu. Tamthilia ya BBC ya 1995 imempa Elizabeth aiseme. Imehifadhi maneno, imepoteza anayecheka. Sasa ni msichana mwenye ulimi mkali, wakati mwanzo ilikuwa dunia nzima inachekwa.

Njia za kutoa mawazo nje ni chache. Sauti ya msimulizi juu ya picha: Lean anafungua Great Expectations hivyo, Pip anasoma ukurasa wa kwanza, kisha haraka anaiachia picha kazi. Ukiirefusha, inaanza kusimulia kile mtu anachokiona kwa macho yake, inachosha. Njia nyingine ni kumpa msimulizi sababu ya kusimulia: The Great Gatsby ya 2013 imemlaza Nick kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili na daktari anamwambia aandike. Kitabuni hospitali haipo. Ya tatu ni yule wa #6, msaidizi wa kuulizwa maswali. Ya nne ni uso wa mwigizaji kunyamaza, na hiyo inahitaji mwigizaji.

Riwaya zilizojengwa kwa siri ya msimulizi ndizo zinazoumia zaidi. Dr Jekyll and Mr Hyde ya Stevenson (1886) ni kitabu cha upelelezi. Hujui kwamba ni mtu mmoja hadi hati mbili za mwisho, ya Lanyon na ya Jekyll. Filamu ya 1931 inaanza na Jekyll mwenyewe, unaona anakunywa dawa. Imeuza siri ili inunue onyesho la kugeuka.

#23 JukwaaLaZamani

Na wanawake wawili wa filamu hiyo, mchumba mwema na mwanamke wa mtaani, Stevenson hakuwaandika. Mchumba alianzia kwenye mchezo wa Thomas Russell Sullivan wa 1887. Jukwaa tena. Sisemi kitu.

#24 Nusufainali

Umeshasema 😂

#25 KalamuNaKamera

Mnaongea kana kwamba mwandishi ni mwenye mali na mwongozaji ni mwizi. Na akiwa mtu mmoja? Ousmane Sembène wa Senegali aliandika Xala mwaka 1973, akaiongoza filamu yake mwenyewe 1975, na akaibadili. Filamu inafungua kwa wafanyabiashara wazalendo wakiwafukuza Wazungu kwenye Chemba ya Biashara, wanatoa masanamu nje kwa shangwe. Muda mfupi baadaye Wazungu wanarudi na mikoba, ndani noti. Hakuna hotuba inayoeleza. Lugha nayo: riwaya yote ni Kifaransa kwenye karatasi, lakini kwenye filamu unasikia binti, Rama, anamjibu baba kwa Kiwolofu kila baba akiongea Kifaransa. Jambo ambalo kitabu kinaweza kulitaja tu, filamu inalifanya lisikike sikioni.

Sembène aligeukia sinema kwa sababu alitaka kuwafikia watu wasiosoma vitabu vyake. Kwa hiyo sababu yangu si muda, mhuri, jukwaa wala sheria. Ni nani anayetazamwa usoni wakati unaandika.

#26 KurasaMiaNne

Sembène amenibana. Lakini tazameni upande wa pili: wakipewa muda, uaminifu unaongezeka. BBC 1995, vipindi 6. Bleak House ya 2005, vipindi 15. War and Peace ya Bondarchuk, sehemu nne, zaidi ya saa 7. Dakika, wakuu, dakika.

#27 Mchokozi_wa_Sura

Na katika hizo saa 7 za Bondarchuk, ile insha ya falsafa ya historia inayofunga kitabu haimo. Hata angepewa saa 20 asingeiweka, maana haipigiki picha. Na BBC 1995 pamoja na vipindi vyake 6 imepata nafasi ya kumtumbukiza Darcy kwenye bwawa, kitu ambacho Austen hakukiandika, na ndicho watu wanachokumbuka.

Ukitaka kuona muda peke yake unafanya nini, nenda Greed ya Erich von Stroheim, 1924, kutoka McTeague ya Frank Norris. Alitaka kitabu chote. Toleo lake la kwanza lilikuwa mikanda 42, saa nane hivi au zaidi. Studio ikaikata hadi 10. Walichotupa kwanza ni visa vya pembeni, wale majirani wazee na familia nyingine. Hapo naungana na #1: mkasi wa dakika huanzia pembeni. Ukikuta katikati pameguswa, tafuta sababu nyingine.

#28 MezaYaKuhariri

Badala ya kubishana kwa kumbukumbu, pimeni. Utaratibu ni huu. Shika chapa moja, andika mwaka na idadi ya sura. Tazama filamu mara moja bila kusimama. Mara ya pili simamisha kila sehemu au saa inapobadilika, andika dakika; filamu ya saa mbili mara nyingi itakupa mistari 40 hadi 60. Mbele ya kila mstari weka namba ya sura, kisha herufi: B imebaki, S imesogezwa, U sura mbili zimeunganishwa, N mpya kabisa. Wahusika walioyeyushwa kuwa mmoja waandike karatasi ya pembeni, wakichanganywa na matukio jedwali linavurugika.

Kisha angalia vitu viwili tu. Dakika ya katikati ya filamu iko sura ya ngapi? Na N zimerundikana wapi? N zikiwa mwanzoni, kwa kawaida ni kazi ya kumtambulisha stelingi. Zikiwa mwishoni, mtu hakuupenda mwisho. Zikitapakaa kote, huenda chanzo si kitabu bali mchezo wa jukwaani au filamu ya zamani, rudi kwa #6.

Kosa la kawaida: kutumia toleo la televisheni lililokatwa, halafu unamlaumu mwandishi wa muswada.

#29 ChapaYaKwanza

Ongeza na kasi. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, ila matoleo mengi ya diski na televisheni za mfumo wa PAL huendeshwa 25. Filamu ya dakika 120 inaisha dakika 115 na sekunde 12. Watu wawili wakilinganisha majedwali bila kujua hilo, kila mmoja ataona mwenzake ana tukio limepungua.

Na Pride and Prejudice ya 2005 ina miisho miwili: ya Marekani imeongezewa wapenzi wakibusiana usiku, ya Uingereza ilifungwa na baba akicheka. Andikeni toleo!

#30 MezaYaKuhariri

Asante, hilo la 25 linaingia kwenye utaratibu.

#31 BintiMuswada

Nimejaribu kipimo cha #28 kwa The Count of Monte Cristo ya 2002. N zimejaa mwishoni. Dumas: Albert ni mtoto wa Fernand, Fernand anajiua, Edmond anaondoka na Haydée. Filamu: Albert ni mtoto wa Edmond, Fernand anakufa kwa upanga wa Edmond, Haydée hayupo kabisa, Mercédès anarudi. Kisasi cha kitabu kinamwachia mlipaji shaka kama alivuka mpaka. Cha filamu kinamlipa mke, mtoto na nyumba.

#32 KurasaMiaNne

Nimeelewa somo, lakini namba moja bado naipa muda.

#33 MwekaMhuri

Namba moja ni mhuri.

#34 JukwaaLaZamani

Jukwaa.

#35 HakiZimehifadhiwa

Mkimaliza, mwenye haki atawauzia tiketi nyote.

#36 MgeniWaLeo

Habari zenu wakuu, ndiyo naingia. Nimesoma kichwa cha uzi tu. Nataka kuanza Frankenstein leo, niambieni Igor anaanzia sura ya ngapi niruke hadi hapo.

#37 ChapaYaKwanza

Ya 25, mkuu. Chapa ya 1831.